Wanahisabati wa India hawakuukataa urithi wao

Agosti 2025 tume inayosimamia vyuo vikuu vya India ilitoa rasimu ya mtaala mpya wa shahada ya kwanza ya hisabati. Ndani yake kuna mambo ya kale mengi: hesabu za wakati za jadi, kamba za kupimia madhabahu zinazoelezwa katika Sulbasutra, maandiko ya kale ya ibada, aljebra iliyopewa jina la Bharatiya Bijganit, na namna ya kugawanya polinomia kwa sutra, yaani kanuni fupi ya Sanskrit, iitwayo Paravartya Yojayet. Haukupita muda mrefu, mamia ya wanahisabati, wengi wao Wahindi, wakatia saini ombi la kutaka rasimu hiyo iondolewe. Habari zilipofika kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp, nilizisoma zikiwa na sura mbili. Wengine walisema hao ni wasomi waliolishwa Uzungu, wanaona haya hata kwa kilicho chao. Wengine wakafurahi na kusema kumbe hata Wahindi wenyewe wanakiri kwamba hisabati ya kweli ni ya Ugiriki na Ulaya, na habari za Mashariki ni ngano tu.

Naona wote wamekosea, na wamekosea mahali pamoja. Waliotia saini walilalamikia zaidi kwamba aljebra, uchanganuzi wa namba halisi na hisabati ya matumizi, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa shahada, vimebanwa na kupangwa vibaya. Lakini hata katika suala la urithi wenyewe, mimi nadai kwamba wao ndio wanaoutetea. Ukubwa wa hisabati ya India, China na Baghdad uko kwenye hoja, yaani namna wale wazee walivyojihakikishia kwamba jambo ni kweli na kwa nini ni kweli. Mtaala unaochukua mbinu na kuacha hoja, kisha ukavika mbinu hizo nguo ya dini, unawapokonya vijana wa India kilicho bora zaidi katika kile walichoachiwa.

Niseme neno kuhusu hilo jina “Mashariki.” Ukisimama Mombasa, Baghdad iko kaskazini kwako, na Kerala iko ng’ambo ya bahari ileile inayoleta kaskazi. Mashariki ni jina alilolitoa mtu aliyesimama Ulaya. Nitalitumia kwa kuwa limezoeleka, ila msomaji asidhani kwamba China, India na nchi za Kiislamu zilikuwa na hisabati moja. Kila moja ilikuwa na maswali yake.

Turudi kwenye Paravartya Yojayet, maana ndipo tatizo linapoonekana waziwazi. Sutra hiyo haimo katika maandiko ya kale yanayojulikana. Imo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1965 kwa jina la “Hisabati ya Veda,” cha Bharati Krishna Tirtha, kiongozi wa kidini wa Puri aliyefariki mwaka 1960. Alitaja sutra 16 na kudai zinatokana na Atharvaveda, mojawapo ya Veda, vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu. Wataalamu wa Sanskrit waliipekua Atharvaveda na viambatisho vyake wasizione, na lugha yake ni Sanskrit ya watu wa karibuni. Mbinu zenyewe ni za kuharakisha hesabu. Chukua 97 mara 96. Ya kwanza imepungua 3 kufika mia, ya pili imepungua 4. Toa 4 kwenye 97, unabaki na 93. Zidisha 3 kwa 4, unapata 12. Ziweke pamoja: 9312. Ni jibu sahihi, na mtoto anafurahi. Lakini sababu ya kupata jibu hilo haimo kwenye sutra. Imo kwenye kufungua mabano ya mia kasoro tatu na mia kasoro nne, kazi ya kawaida ya aljebra. Na ile ya kugawanya polinomia inafanana sana na utaratibu ambao Qin Jiushao wa China alikuwa anautumia mwaka 1247 kutafuta vipeuo vya milinganyo, ambao Ulaya ulipewa jina la Horner katika karne ya 19. Kwa hiyo kijana wa Delhi atafundishwa mbinu ya kitabu cha 1965 akiambiwa ni ya maelfu ya miaka, na wakati huohuo hatamsikia Qin Jiushao, mtu wa Mashariki kweli aliyeifanya kazi ya namna hiyo kweli.

Hebu tuone kitu ambacho kipo, kina tarehe na kina hoja. Kusini mwa India, katika Kerala ya leo, aliishi Madhava wa Sangamagrama, kati ya miaka ya 1340 na 1425 hivi. Yeye na wanafunzi waliomfuata kwa zaidi ya karne moja waligundua kwamba robo ya pai ni sawa na 1, toa theluthi moja, ongeza sehemu moja ya tano, toa sehemu moja ya saba, na kuendelea hivyo bila kikomo. Vitabuni mwetu mfululizo huu unaitwa wa Leibniz, Mjerumani aliyeupata katika miaka ya 1670. Wengi wakifika hapo hupiga makofi: tulitangulia miaka mia tatu! Makofi hayo yanakuja mapema mno, kwa sababu jambo zito linafuata. Mfululizo huo ni mzuri kuutazama lakini unakwenda polepole mno. Chukua vipande vinne vya kwanza, ukizidisha kwa 4 unapata 2.895, ilhali pai ni 3.14159. Ukichukua vipande hamsini, bado desimali ya pili haijakaa sawa. Watu wa Kerala waliliona hilo wakajiuliza: nikikatia hapa, kosa langu ni kubwa kiasi gani? Wakatengeneza kisahihisho. Ikiwa umechukua vipande n, chukua mraba wa n ukiongeza 1, gawanya kwa mara nne ya n iliyopandishwa kipeo cha tatu ukiongeza mara tano ya n. Kwa vipande vinne, hiyo ni 17 kugawanya kwa 276. Ongeza hapo kabla ya kuzidisha kwa 4, na 2.895 inageuka kuwa 3.14161. Ni vipande vinne tu! Chukua kalamu ujaribu mwenyewe, haikuchukui dakika tano. Mtu anayeuliza ukubwa wa kosa lake na kulipima hajaangukia kanuni kwa bahati. Ameielewa kazi yake kwa kina ambacho wanafunzi wengi wa chuo hawajakifikia.

Na waliandika sababu. Mnamo mwaka 1530 hivi, Jyesthadeva aliandika Yuktibhasha, kitabu ambacho jina lake lina neno yukti, yaani hoja au sababu. Hatua kwa hatua anaeleza duara linavyogawanywa vipande vidogovidogo, vipande vinavyojumlishwa, na kinachotokea vipande vikizidi kuwa vingi. Kitabu hiki peke yake kinatosha kuujibu upande wa pili, wale wanaosema Mashariki walikuwa na mapishi tu na Wagiriki ndio waliokuwa na uthibitisho.

Hoja hiyo ya mapishi ndiyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na kwa bahati mbaya bado inaheshimiwa. Wanaoitoa huonyesha kitabu cha Kichina cha Sura Tisa, kilichokamilika enzi za nasaba ya Han, chenye maswali 246, majibu na taratibu, bila nadharia zilizopangwa kama za Euclid wa Ugiriki. Ni kweli kitabu kiko hivyo. Lakini angalia kilichomo. Sura ya nane inauliza: miganda 3 ya nafaka bora, 2 ya wastani na 1 ya hafifu inatoa dou 39 (dou ni kipimo cha ujazo, kama sisi tulivyokuwa na pishi). Miganda 2 bora, 3 ya wastani na 1 hafifu inatoa 34. Mganda 1 bora, 2 ya wastani na 3 hafifu inatoa 26. Kila mganda unatoa kiasi gani? Mkokotoaji anapanga vijiti vyake juu ya ubao, safu kwa safu, anazidisha safu moja, anaitoa nyingine, mpaka aina mbili za nafaka zinatoweka na anabaki na miganda 36 hafifu inayotoa dou 99, yaani mganda mmoja dou 2¾. Kisha anarudi nyuma: wastani 4¼, bora 9¼. Ndiyo njia ileile inayofundishwa leo vyuoni kwa jina la Gauss, aliyezaliwa mwaka 1777. Katikati ya kazi safu moja ikizidi nyingine kwenye kutoa, zinatokea namba hasi, nazo zilikuwa na vijiti vyake: vyekundu kwa chanya, vyeusi kwa hasi. Na mwaka 263 Liu Hui aliandika maelezo ya kitabu kizima akieleza kwa nini kila utaratibu unafanya kazi. Alikata maumbo na kuyapanga upya, akachora pembe nyingi ndani ya duara akiziongeza mpaka pande 192 ili aibane pai kati ya mipaka miwili. Kama huo si uthibitisho, basi neno uthibitisho tumelifanya liwe na maana ya “mtindo wa Euclid,” na hapo hatuzungumzii tena ukweli bali mwandiko.

Baghdad ni hivyohivyo. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr na al-muqabala wakati wa Khalifa al-Ma’mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Katika utangulizi anasema anakiandika kwa ajili ya mambo ambayo watu wanayahitaji: mirathi, wasia, ugawaji, mashauri, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni maswali ya wasia na mirathi. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye familia zilimwita kila penye msiba. Alikuwa anageuza karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, anaandika kwa penseli: mjane thumni, mtoto wa kiume mmoja, wa kike wawili. Halafu anatafuta namba moja itakayogawanyika kwa wote bila mabaki. Thelathini na mbili. Mjane nne, mwana kumi na nne, kila binti saba. Wengi tulidhani ni elimu ya dini tu. Ilikuwa pia hisabati, na hisabati ya jamii hiyohiyo ndiyo iliyotupa neno aljebra.

Lakini al-Khwarizmi hakuishia kwenye kugawa mali. Anauliza: mraba ukiongezwa mizizi yake kumi (mzizi ni ubavu wa mraba) unakuwa 39, mzizi ni ngapi? Anatoa utaratibu, kisha anachora. Weka mraba usioujua ukubwa wake. Zile mizizi kumi zigawe mafungu manne, kila moja ni mstatili wa upana 2½, uubandike kila upande wa mraba. Eneo lote sasa ni 39, ila umbo lina mapengo manne kwenye pembe, kila pengo ni mraba mdogo wa 2½ kwa 2½, yaani 6¼. Yajaze yote manne, umeongeza 25. Sasa una mraba kamili wa 64, ubavu wake ni 8. Ondoa 2½ kushoto na 2½ kulia, unabaki na 3. Mtoto wa darasa la saba mwenye karatasi na mkasi anaweza kulifanya hili mezani, akaona kwa macho yake kwa nini tunaongeza mraba wa nusu ya kumi. Mimi nilifundishwa kanuni hiyo kama dua ya kukariri, na nilikuwa mtu mzima nilipoona umbo lenyewe.

Sasa nisiwaonee waandishi wa rasimu. Wana hoja moja yenye uzito, na wakosoaji wao wa nje wanaipita haraka mno. Historia ya hisabati inayofundishwa katika makoloni ya zamani iliandikwa kwa kufuta. Mwaka 1834 Charles Whish, ofisa wa Kampuni ya East India aliyekuwa kusini mwa India, alichapisha makala akiwaeleza Waingereza kuhusu mifululizo ya Kerala. Makala hayo yalitoka kwenye jarida la chama cha wasomi wa London, hayakufichwa. Mwaka uliofuata, 1835, Macaulay, mjumbe wa baraza la utawala wa Uingereza huko India, aliandika waraka wake maarufu wa elimu ya India, akisema rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani sawa na maandishi yote ya India na Arabuni. Waraka wa Macaulay ukawa sera. Makala ya Whish yakakaa zaidi ya karne moja kabla hayajasomwa kwa uzito unaostahili. Kwa hiyo mtu anayesema “majina tunayofundishwa hayana haki” anasema kweli: pembetatu ya Pascal ilikuwa imechorwa na Yang Hui mwaka 1261, naye akimtaja Jia Xian aliyemtangulia kwa karibu karne mbili, na orodha inaendelea.

Kinachonishinda ni dawa wanayoitoa. Kosa la Macaulay lilikuwa kuhukumu maandishi ambayo hakuyasoma, na alikiri mwenyewe kwamba hajui Sanskrit wala Kiarabu. Anayesema leo kwamba yote yamo katika Veda anatoa sifa bila kusoma, na hasara inayompata mwanafunzi ni ileile: maandishi yanabaki kabatini. Tena mbio za nani alikuwa wa kwanza zinaharibu hata habari njema. Mwaka 2017 maktaba ya Bodleian ya Oxford ilipima umri wa hati ya Bakhshali, magome ya mti yaliyofukuliwa mwaka 1881 karibu na Peshawar, yenye nukta zinazokaa mahali pa sifuri. Vipande vitatu vilitoa umri wa enzi tatu tofauti, cha kwanza kikiangukia kati ya miaka 224 na 383. Magazeti yakatangaza sifuri ya kale kuliko zote. Wataalamu wa hati za India wakapinga upesi: hati inaonekana imeandikwa kama kazi moja, basi vipi vipande vyake vitofautiane kwa karne sita? Swali zuri sana. Lakini umma ulikwisha pewa tarehe ya kujivunia na haukuwa na haja tena ya kuuliza hati inasema nini.

Mbio hizo pia zinalazimisha kila kitu kiwe kimetoka mahali pamoja kwenda mahali pamoja. Kuna wanaodai kwamba Wajesuti walibeba hesabu za Kerala mpaka Ulaya na Newton na Leibniz wakazichukua. Njia ilikuwepo, watu walikuwepo, ila hati ya kuonyesha hesabu hizo zikivuka haijapatikana, na bila hati hiyo haki haituruhusu kumwita mtu mwizi. Safari tunazozijua kwa hakika zinatosha. Brahmagupta wa India mwaka 628 aliandika kanuni za sifuri na za namba hasi akiziita mali na deni. Alikosea pale aliposema sifuri kugawanya kwa sifuri ni sifuri, na kosa hilo ni sehemu ya historia yake kama yalivyo mafanikio yake. Mwaka 662 Severus Sebokht, askofu wa Syria aliyechoshwa na majivuno ya Wagiriki, alizisifu alama tisa za Wahindi. Al-Khwarizmi akaandika juu ya alama hizo, na jina lake likageuka kuwa neno algorithimu. Mwitalia Fibonacci alizijifunza akiwa kijana huko Bugia, Afrika, katika Algeria ya leo, kisha mwaka 1202 akazipeleka Italia kwa kitabu. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kilikataza kuziandika kwenye vitabu vya hesabu. Kila aliyezipokea alizifanyia kazi. Hakuna aliyekuwa bomba la kupitishia maji tu.

Sisi wenyewe tunaibeba safari hiyo mdomoni. Moja hadi tano ni zetu za Kibantu, na nane pia. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Sifuri ni sifr, neno ambalo Waarabu walilitumia kutafsiri shunya ya Sanskrit, yaani tupu. Na mama wa sokoni Kariakoo anayekwambia kitenge cha harusi na vyote vyake ni “laki na nusu” anatamka laksha ya Sanskrit, iliyokuja na biashara ya Wahindi pwani. Hajaambiwa kwamba ni historia ya hisabati. Ni neno lake la kila siku, na analikokotoa bila karatasi.

Ndiyo maana mjadala wa India unatuhusu. Sisi nasi tunazungumza kila mara juu ya kurudisha maarifa ya asili kwenye mitaala, na kishawishi kitakuwa kilekile: kuongeza ukurasa wa sifa mwanzoni mwa sura, kutaja majina matatu, kisha kuendelea kukaririsha. Ningependa tufanye kinyume. Mwalimu anayefika kwenye milinganyo ya kipeo cha pili aanze na mraba wa al-Khwarizmi na mkasi. Anayefika kwenye milinganyo ya pamoja aanze na nafaka za Wachina. Hapo sifa itakuja yenyewe, kwa kuwa mwanafunzi atakuwa ameiona akili ya mtu ikifanya kazi.

Na kuna jambo moja katika Yuktibhasha ambalo sijalisema. Lugha ya wasomi wa India wakati ule ilikuwa Sanskrit, na vitabu vikubwa vya Kerala viliandikwa kwa Sanskrit. Jyesthadeva alipotaka kueleza sababu, aliandika kwa Kimalayalam, lugha ya nyumbani kwake. Tanzania tunafundisha hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, miaka ile ya kujumlisha, kutoa na kukariri. Mtoto akifika sekondari, pale ambapo kwa mara ya kwanza anaulizwa “thibitisha,” tunambadilishia lugha.